Kisahani Alichonionyesha Mzee Mateo

Hadi leo, mwanangu, nikishika wembe naikumbuka siku moja ya miaka ya hamsini, Mzee Mateo aliponiambia niiname juu ya kisahani cha kioo.

Nilikuwa kinyozi hapa Majengo, Mpanda, kijana mwenye maneno mengi. Mgodi wa madini ya risasi ulikuwa umeleta watu wa kila kabila, na wote walikuwa na vichwa. Penisilini ya kupaka ilikuwa kitu kigeni, tuliishangaa kama mvua ya kiangazi. Nikapata tyubu chache, nikazikamulia kwenye kopo la mafuta ya karanga ili ziwatoshe wengi. Kila niliyemnyoa, awe na kidonda au hana, nilimpaka kwa kidole hichohicho.

"Nipake na kidevuni, fundi, leo naenda ukweni!"

"Ukweni wanangoja mahari, hawangoji kidevu," nilijibu, na benchi zima likacheka.

Miezi ikapita. Vijipu vikaanza kurudi visogoni mwa watu. Mimi nikazidisha kupaka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kisha akaja Yohana, mchumba wa dada yangu, kunyolewa kwa ajili ya harusi. Kesho yake kijipu kikatoka juu ya mdomo. Nilimpaka dawa yangu asubuhi na jioni. Siku ya tatu uso ulivimba, jicho likafumba, na homa ikamfanya aongee peke yake. Tulimbeba hadi hospitali. Walimchoma sindano za penisilini, wapi! Dada yangu alikaa chini ya dirisha la wodi, hata chakula hali.

Ndipo Mzee Mateo wa maabara, Mkonongo wa hapahapa asiyepaza sauti, akaniita.

"Wewe ndiye kinyozi mwenye kopo?"

"Ndimi, baba."

Aliweka visahani viwili mezani. Cha kwanza kilipandwa usaha wa mkulima wa kijiji cha Kabungu, mtu ambaye hajawahi kukalia kiti changu. Vijidudu vilikuwa vimeota kama punje ndogo za dhahabu, lakini kuzunguka tone la dawa palibaki duara tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Cha pili kilikuwa cha Yohana. Dawa ni ileile, safi, ya hospitalini. Duara halikuwepo. Punje za dhahabu zilikuwa zimeisogelea dawa mpaka ukingoni, kama nyati kwenye chumvi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa; mimi nilikuwa natazama kitu kilicho hai, kinanawiri, na dawa hakiisikii.

"Kwa dawa yako haba uliwaua vijidudu wanyonge," alisema, "ukawaacha wagumu wazae. Kisha ukawabeba kwa kidole na wembe, shingo hadi shingo."

"Shemeji atapona?"

"Kuna vidonge vya aina nyingine vinakuja na treni kutoka Tabora. Omba isichelewe."

Treni iliingia kesho yake mchana. Siku ya nne ya vidonge hivyo Yohana alifumbua jicho, akaomba uji. Harusi ikasogezwa mwezi mmoja, na kope yake ikabaki imelegea maisha yake yote. Alipokuja kunyolewa tena, alisimama mlangoni.

"Shemeji, nawa kwanza. Wembe uchemshe. Na ukinipaka kitu, nakurudishia dada yako!"

Nilinawa mpaka viwiko, nikachemsha wembe mbele ya wateja wote, nikawaeleza nilichowafanyia. Wengine hawakurudi tena, na sikuwalaumu.

Mwanangu, dawa ya kupaka iweke palipo na kidonda, kwa siku ulizoelekezwa, wala usimgawie jirani. Ngozi nzima haidai dawa, inadai maji na sabuni. Na dawa ikigoma, usiizidishe kwa ubishi. Wahi kwa wanaojua. Mungu akulinde na majuto kama yangu. Na siku ukiugua kweli, akukutanishe na dawa ambayo hakuna aliyeiharibu kabla yako.