Flashi Tatu za Kiguu na Njia

Dada yangu tulimbandika jina la Kiguu na Njia tangu tukiwa shule, naye hakulikana. Amehama nyumba mara sita, kwaya mbili zimemchoka, na meza za duka letu la kupiga chapa hazikai mahali pamoja wiki mbili. Mimi natoa fotokopi, yeye anachapa. Kwa kuchapa hana mpinzani. Kutulia ndiko Mungu alikomnyima.

Basi Windows ya kompyuta yetu ikaacha kupata masasisho, na toleo jipya lilikuwa zito mno kwa mashine ile kongwe. Fundi akatushauri tuhamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mwepesi na wa bure. Akatuletea aina tatu, kila moja kwenye flashi yake: Mint, Ubuntu na Zorin. Alisema zote zinamfaa mgeni, ila Mint isingemsumbua dada sana, maana sura yake inafanana na alichozoea. Tungeweza kuwasha mojawapo kutoka kwenye flashi, tuionje, tukiipenda tuiweke ndani ya kompyuta.

Huko kuonja ndiko kulikomharibu dada. Jumatatu Mint, Jumanne Ubuntu, Jumatano Zorin, Alhamisi tumerudi Mint kwa sababu rangi za Zorin zimemkera. Kila asubuhi anachomoa, anachomeka, anaguna. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu nishughulike na fotokopi zangu. Nilikasirika nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule najilaumu hadi leo.

Ijumaa akaja mkunga mstaafu, mama asiye na maneno mengi, akitaka maisha yake yaandikwe ili watoto wa binti yake wasome. Alisimulia saa tatu bila kunywa maji. Katikati akamtaja mwanawe wa kwanza, wa kiume, aliyezaliwa amekufa, wiki ileile yeye alipowazalisha wanawake wanne salama. Alieleza hata uzito wake mikononi. Dada alichapa huku analia, nami niliizima mashine yangu isipige kelele.

Mkunga alipoondoka, dada akahifadhi kazi, akazima kompyuta, akachomeka flashi ya Ubuntu. Folda ilikuwa tupu. Akairudisha Mint, tupu vilevile. Tukampigia fundi, akauliza kama kuna Linux yoyote tuliyoiweka ndani ya kompyuta. Hatukuwa tumeweka. Basi, akasema, kinachohifadhiwa wakati wa kuonja hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, ukizima, kimekwenda.

Jumamosi dada aliweka Mint, wala hakuuliza habari ya rangi. Jumatatu tulikwenda pamoja kwa mkunga, kwa sababu peke yake aliona haya. Mkunga alimsikiliza hadi mwisho, akachukua mtandio wake, tukarudi naye dukani.

Akasimulia upya, kwa mpangilio uleule. Alipofika kwa wale wanawake wanne, akapitiliza hadi uhamisho wake wa mwaka uliofuata. Vidole vya dada vikasimama.

"Mama, hapa palikuwa na mwanao."

"Yule nilishamsema, mwanangu. Sina nguvu ya kumsema tena."

"Basi nimwandike ninavyokumbuka mimi?"

"Hapana. Kaa naye tu moyoni."

Dada akafuta machozi kwa kiganja, akaendelea na uhamisho. Kitabu kilitoka kurasa arobaini, na wajukuu walikuja kukichukua wenyewe wakiwa na furaha. Mjomba wao hayumo.