Sanduku Lililohamishwa

Mtaalamu alitoka Nairobi na viatu vya ncha, akahamisha sanduku la barua pepe la ofisi yetu, akala nyama choma hapa Voi, akapanda treni kurudi. Mwenyekiti alimsindikiza hadi stesheni akisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji hatukupona.

Ofisi ni ya ranchi ya ushirika upande wa Ndara, nami ndiye mtunza kompyuta. Barua zetu huingia kwenye seva kuukuu ya Unix, na tunazisoma kwa programu ya maandishi matupu ambayo hufungua sanduku pale ilipoelekezwa, basi. Diski ilikuwa imejaa, kwa hivyo yule bwana akaagiza barua mpya ziwekwe kwenye diski nyingine. Programu ya kusomea hakuiambia. Ikawa kila asubuhi inachungulia sanduku la zamani na kutuandikia kwamba hakuna barua. Hata mtoto akihamishwa shule, mzazi huambiwa.

Nilimweleza mwenyekiti asubuhi ya kwanza tu. Ni mstari mmoja tu wa kuandika kwenye programu, nikasema, nipe paswadi. Akaniangalia kana kwamba nimeomba funguo za kanisa. Paswadi alikuwa amemwachia mtaalamu peke yake, na mtaalamu hakuwa akishika simu. Kwa mwenyekiti, kitu kilichoguswa na mtu wa Nairobi hakiguswi tena na mtu wa Chawia kama mimi. Akatangaza kwamba ndovu wameangusha mlingoti wa mtandao huko Maungu. Mlingoti ulikuwa umesimama wima.

Wakati huo mama mmoja wa Maungu, mwanachama wetu, alikuwa akija kila asubuhi. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na tulikuwa tumeiomba ranchi jirani iwaruhusu ng'ombe wake kunywa kwenye bwawa lao. Jibu lilikuwa lije kwa barua pepe, maana mwenyekiti haamini ruhusa isiyo na maandishi. Ofisi yetu hufunguliwa kwa maombi. Basi mwenyekiti alikuwa akimsimamisha mama katikati yetu, tunafumba macho, anamwombea jibu kwa sauti ya mkutano wa injili. Mimi nilikuwa nikifumbua macho na kuitazama seva. Niliudharau ule utakatifu, na bado naudharau.

Hatimaye mtaalamu alishika simu, akatoa paswadi kama anayetugawia urithi. Nikaandika mstari wangu, nikaielekeza programu kwenye sanduku jipya. Barua zikamiminika. Ya ranchi jirani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufika: mama alete ng'ombe wake, lango litakuwa wazi hadi Ijumaa. Ijumaa yenyewe ilikuwa imeshapita, na zamu yake bwawani walikuwa wamepewa wengine.

Mwenyekiti alimsomea barua yote, pamoja na salamu. Mama, ambaye sasa alikuwa amebaki na ndama mmoja, alisikiliza hadi mwisho.

"Hii barua ilikuwa hapa hapa ofisini?" akauliza.

Mwenyekiti akasema ndiyo, ila mtandao ulisumbua.

"Basi mlikuwa mnaniombea nini?"