Mama Pindo na Picha ya Wifi Yake

Mama Pindo alipewa jina hilo kwa sababu pindo alizoshona hazikuonekana uzi hata ukiinua nguo kwenye taa. Alishonea katika chumba kimoja na wifi yake, mke wa kaka yake, cherehani zimetazamana, na mimi nikiuza vifungo na nyuzi mlangoni pao. Kinyozi hajinyoi, na fundi hawezi kujipima mgongo. Kwa hiyo walipotaka kujishonea, mmoja aliinua mikono na mwenzake akamzungushia futi. Ndiyo maana Mama Pindo peke yake pale chumbani alijua kwamba wifi yake aliwahi kuugua akakatwa titi moja. Pamba iliyojaza upande ule wa kifua aliishona yeye mwenyewe.

Siku moja nyumba ya jirani ikashika moto, Wifi akaingia, akatoka na mtoto mgongoni. Kesho yake uso wake ulikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti, na waandishi wakapiga kambi mlangoni kwetu. Wateja nao wakamiminika, wote wanataka kushonewa na shujaa. Mmoja alikaa kwenye benchi tangu asubuhi akimngoja, na Mama Pindo yuko mbele ya pua yake, hana kazi.

"Na maji ya kuzimia moto alibeba nani?" aliniuliza, akikata uzi kwa meno. "Mbona mimi sipigwi picha?"

"Ulibeba ndoo moja, dada, na nusu ukaimwaga njiani."

Hakucheka. Kwa wivu, siku hiyo pindo zake zilikwenda upogo.

Hawa waandishi wananusa kidonda kama nzi. Mmoja, bwana wa manukato makali, alimbaini, akamwita "mama yangu" na kumwahidi picha kubwa.

"Habari ya moto imeshapoa," alisema. "Nipe kitu ambacho watu hawakijui."

Akampa. Nilikohoa, nikamkonyeza, nikaangusha kopo zima la vifungo, wapi! Alieleza mpaka rangi ya kitambaa kilichofunika ile pamba. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

SHUJAA WA MOTO ADANGANYA KIFUA! Gazeti liliandika hivyo, kana kwamba kuugua ni wizi. Chini yake Mama Pindo anatabasamu, futi shingoni, picha kubwa kweli kama alivyoahidiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na Wifi aliijua ile futi iliyokuwa ikimpima.

Alikuja na mpagazi kuchukua cherehani yake. Hakutukana, hakulia.

"Ungeniambia unataka wateja, wifi," alisema. "Ningekugawia."

Mama Pindo alibaki na chumba kizima. Siku chache zilipita bila mtu kukanyaga kizingiti, kisha akaja mama mmoja na binti yake anayetaka gauni la harusi. Mama Pindo aliruka kutoka kitini, uso umemng'aa, akavua futi shingoni.

"Haya mwanangu, inua mikono nikupime."

Binti alimtazama mama yake. Kisha akakunja mikono kifuani, akaibana.

"Kisia tu kwa macho, fundi," alisema. "Hata likipwaya, nitalivaa hivyo hivyo."