Ubishi wa Namba Moja

Rafiki yangu wa Newala na mimi tulipanga chumba kimoja mtaani Mkomaindo kwa miaka sita, na miaka yote sita tulibishana jambo lile lile: nani rapa mkali wa muda wote. Orodha ya watano tuliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Kuanzia wa pili hadi wa tano tulielewana. Nafasi ya kwanza ilibaki tupu. Yeye alimtaka wake, mwenye sauti nzito kama mtu anayekoroma. Mimi nilimtaka wangu, anayesimulia mtaa hadi unasikia harufu ya chapati. Kuna wakati tulinuniana siku mbili nzima kwa ajili ya watu wasiotujua hata kidogo.

Yeye Mmakonde, mimi Myao, kwa hiyo tulikuwa watani. Alipofariki ghafla nilipanda Newala kuzika. Kwetu mtani haji msibani kulia tu. Kazi yake ni kumtania marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nilipomwamkia mama yake shikamoo, aliitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mbona umenyamaza? Mtanie mwenzio."

Nikasimama kando ya kaburi, nikapaza sauti: "Huyu tunayemzika alikuwa hajui muziki! Huyo namba moja wake, hata jogoo wangu anamshinda kuchana mistari!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yake naye akacheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mjinga, namsubiri anibishie.