Safu ya Kijiji

Wakati wa vita vya Ituri nilikuwa mwandishi wa rejista katika kituo kimoja cha afya hapa Bunia. Nilisoma shule ya msingi tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri na nilijivunia. Jina, umri, kijiji, ugonjwa: sikuacha safu hata moja wazi.

Kwetu, mtu akitaja kijiji chake amekwisha kutaja kabila lake. Siku hizo hilo lilitosha kukuua.

Meneja wetu aliongoza kwa makelele na funguo za kabati. Mimi aliniita daktari wa biki, kwa ajili ya kalamu yangu. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, hakuwa na funguo wala makelele. Siku moja aliniambia taratibu, "Mwanangu, toka leo wote wanatoka Bunia."

Nilitii. Lakini rejista ya zamani ilijaa vijiji, na wengi waliomo walikuwa bado vitandani. Aliniomba nichane kurasa. Nikamjibu kwamba karatasi ya serikali haichanwi. Hakubisha. Tuliificha pamoja ndani ya gunia la mkaa, jikoni.

Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia uani. Meneja aliwapa funguo kabla hawajaziomba. Kabatini walikuta rejista mpya: Bunia, Bunia, Bunia. Mkubwa wao akacheka, akauliza ya zamani iko wapi, na nani anaandika humu.

Mimi sijui kusema uongo. Uso wangu hunisaliti, na yule mama alilijua hilo. Kabla meneja hajaninyooshea kidole, mama alinitia bidoni tupu ya maji mkononi.

"Weye kila siku unachelewa na maji. Wazazi wodini wanangoja. Kwenda."

Nilipokuwa mlangoni nikamsikia nyuma yangu.

"Mwenye kuandika ni miye."

Chemchemi iko nyuma tu ya jikoni. Bidoni ilijaa, ikamwagika, sikuiondoa. Nilisikia wanampiga. Sikurudi. Lazima niseme hivyo: sikurudi mpaka gari lao lilipoondoka.

Hakuwaambia kitu. Hakuna mgonjwa aliyetolewa kitandani. Yeye aliishi siku tatu, akitoka damu sikioni.

Meneja aliniomba nimwandike, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Niliandika jina, nikaandika umri. Kwenye safu ya kijiji mkono ulisimama. Nilikijua kijiji chake.

Nikaandika Bunia, kama alivyoniagiza.