Kisima cha Kambi Iliyofungwa

Mwaka 2013, kiangazi kikielekea ukingoni, nilitumwa kupima visima vilivyoachwa kwenye kambi ya wakimbizi iliyofungwa, upande wa Kasulu. Wenyeji walikuwa wameanza kulima mahindi pale, wakataka kujua kama maji yanafaa. Mimi nilikuwa mpima maji, mgeni wa mwaka mmoja, niliyeletwa na barua ya uhamisho kutoka Tanga. Kwetu, mashamba ya pwani yalikuwa yakipoteza visima kwa chumvi ya bahari. Lakini huko maji yakiharibika, ulimi unakuambia.

Nilifuatana na fundi wa pampu, Muha mwenyeji wa hukohuko, mtu mzima asiye na maneno mengi, ambaye ndiye pia aliyeendesha pikapu. Tuliposhuka aliniambia nikanyage pale alipokanyaga yeye. Akatangulia akichomachoma ardhi kwa fimbo, maana vyoo vya maelfu ya watu vilikuwa vimefukiwa juujuu tu. Nyumba hazikuwa na paa wala milango. Palipokuwa na kanisa yalibaki mabenchi ya udongo, safu kwa safu, yameelekea ukuta usiokuwepo tena. Hata ndege sikumsikia.

Pampu tuliikuta katikati ya mabua makavu. Mpini wake ulikuwa umelowa.

"Kuna mtu hapa," nilisema.

"Watu walishaondoka, dada," fundi alijibu bila kunitazama.

Pampu iliyolala siku nyingi hukohoa hewa kwanza. Hii ilitoa maji kwa mkupuo wa kwanza, ya baridi, maangavu kabisa. Niliyaonja kabla ya kuyapima, tabia mbaya niliyotoka nayo nyumbani. Yalikuwa matamu. Nilipotia unga wa kupimia kwenye kichupa yakawa ya waridi, kisha yakaendelea kukolea mpaka yakapita rangi ya mwisho kwenye kadi yangu ya kulinganishia. Ilikuwa naitreti, ambayo hutoka vyooni na kwenye mbolea, na haina harufu wala ladha. Wenye kambi walikuwa wamekwenda zao, lakini walichokiacha kilikuwa kikishuka ardhini polepole, na mimi nilikuwa nimekivuta juu. Nikatema mate, ingawa nilikuwa nimekwisha kumeza.

Fundi akaung'oa mpini, akaupakia garini.

Baada ya wiki mbili tukarudi kukiziba kisima kwa zege. Sakafu ya kisima ilikuwa imelowa. Mahali pa mpini palikuwa na mti uliofungwa kwa kamba za mgomba. Na vumbini kulikuwa na matone ya maji, moja kila baada ya hatua mbili, yakielekea kwenye nyumba zisizo na watu. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na matone hayajakauka.

"Tuyafuate," fundi alisema. Sauti ilikuwa imempungua.

Yalitupitisha kando ya mabenchi ya udongo, yakavuka mfereji, yakatutoa nje ya mpaka wa kambi hadi kwenye nyumba ya nyasi. Mlangoni alikaa mwanamke mzee kidogo, ndoo pembeni yake, mtoto mchanga mapajani.

"Amahoro," fundi alimsalimu.

"Amahoro. Karibuni, wanangu."

Alitueleza kwamba wazazi wake walitoka Burundi, kwamba yeye sasa ni raia na analima. Binti yake alikuwa amefariki kwa uzazi, na mtoto alikuwa akimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Mimi nilikuwa nikitazama midomo ya yule mtoto. Ilikuwa ya buluu ya kijivu, kama ya aliyekula zambarau. Na kucha vilevile. Hakulia. Alinikodolea macho tu.

"Mama yake anamwita," mwanamke alisema taratibu, kama anayetoa habari za jirani. "Tumemzika kule kambini, karibu na mume wangu. Kila nikirudi na maji, mtoto anazidi kuwa hivi."

Alikuwa ameona sawasawa.

"Bibi, ni maji yenyewe," nilisema.

"Nayachemsha sana, mwanangu."

"Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Kunaikoleza."

Tuliwapakia wote wawili, tukaenda hospitali ya Kabanga bila kusimama. Damu aliyotolewa mtoto ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Daktari aliuliza amekunywa nini, nikamwonyesha kadi yangu. Akamchoma dawa kwenye mshipa. Haukupita muda mrefu midomo ikaanza kurudia rangi yake, na mtoto akalia kwa nguvu. Bibi yake naye akalia.

Kisima tulikiziba wiki ileile. Wakulima tuliwaonyesha chemchemi ya mlimani, wakakubali kwamba juu yake hapatalimwa, hapatatiwa mbolea wala kuchimbwa choo. Siku ya kuizungushia uzio bibi alikuja, mtoto mgongoni, akaniuliza ardhi ya kambini itatakata lini.

"Sijui, bibi. Ni miaka mingi. Labda mpaka huyu awe na watoto wake."

Akakaza kanga. "Kwa hiyo watu wa kambini bado wapo," alisema.

Nilitaka kumweleza upya habari za naitreti, lakini sikuona kosa katika maneno yake. Nikaenda kumshikia fundi nguzo.