Ekseli Iliyonepa

Tangu Alhamisi, Kimya hakutulia. Akiketi, anasimama, akisimama, anatafuta pa kuketi. Mkewe akamwuliza, "Baba nanii, umekalia miiba?" Akajibu kwa kuguna tu. Hakupewa jina la Kimya bure.

Kimya ni mkereza vyuma, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, na Alhamisi hiyo alimkabidhi shemeji yake ekseli mpya, mhimili wa magurudumu wa kiti chake cha magurudumu cha mashindano. Ile ya zamani ilikuwa ya chuma cha pua kilichochanganywa na kromi: ngumu, lakini nzito. Shemeji alileta kipande cha aloi ya titani, metali nyepesi, akataka ekseli nyingine kama ile ya zamani. Kimya akapima ya zamani, akakereza mpya kwa unene ule ule, maana matundu ya beringi hayapanuki. Shemeji aliipokea akairusha juu kama embe. "Unyoya huu! Jumapili wataona vumbi langu!"

Kimya alitaka kusema neno. Likamkwama.

Jumamosi asubuhi hakuweza kuvumilia tena. Alibeba ile ya chuma, ambayo ilibaki karakana, pamoja na jiliwa na ndoo ya bolti, akaenda kwa shemeji. Alimkuta uani na majirani, akijisifu.

"Ifungue hiyo mpya," Kimya akasema, akitazama chini.

"Haa! Leo Kimya kimesema! Umeionea wivu kazi yako mwenyewe?"

Majirani wakacheka. Masikio yalimwaka Kimya, lakini alifunga jiliwa kwenye benchi, akabana ekseli ya chuma, akatundika ndoo kwenye ncha. Ikashuka milimita moja na ushee. Shemeji akaifungua ya titani; Kimya akaibana, ndoo ile ile. Ikashuka karibu mara mbili. Alipoondoa ndoo, ikarudi ikanyooka.

"Si imerudi?" shemeji akasema. "Kitu hakivunjiki hicho."

"Hakivunjiki. Hata kutu hakishiki. Ila kinanepa. Kwa unene ule ule, chuma ni kigumu zaidi kupinda. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu litainama lisugue fremu. Utapinduka."

"Basi inenepeshe."

"Beringi haitaingia."

Shemeji aliishika ile ya chuma, akaipimapima mkononi, uso ukamkunjamana.

"Nzito hii, shemeji."

"Karibu mara mbili."

"Na Alhamisi ulikuwa umefungwa mdomo na nani?"

"Ulikuwa na furaha."

Shemeji akafyonza kwa nguvu. "Furaha! Ungenizika nayo hiyo furaha! Haya, leta spana."

Walifunga ya chuma pamoja. Kimya alizungusha kila gurudumu mara tano, kisha tena, kisha tena, mpaka shemeji akamfukuza.

Jumapili shemeji alishika nafasi ya tatu. "Uzito!" alilalamika njia nzima ya kurudi. "Uzito tu, la sivyo ningewala!" Kimya alimsukuma polepole, akiyatazama magurudumu yakizunguka wima.